Picha Mbili za Fundo Moja

Farasi alipopita mbio mbele ya dirisha la jikoni, Verna Erb alikuwa amebeba bakuli la matango ya siki, akasogea kuona ni farasi wa nani. Kamba ilikuwa inaning'inia kidevuni mwa mnyama ikimchapa miguu, na kila ilipomchapa ndivyo alivyozidi kukaza mbio kuelekea uani, ambako wanawake walikuwa wanapanga meza za chakula cha baada ya ibada.

Bibi Mattie Raber, miaka themanini na mmoja, alikuwa katikati ya ua na birika la kahawa. Farasi hakumkanyaga. Alimpiga kikumbo kwa bega tu, akapita. Bibi akaanguka bila sauti. Birika ndilo lililopiga kelele, likabingirika mpaka kwenye ngazi za nyumba.

Wanaume wakatoka bandani wakikimbia, kofia mikononi.

"Ni Dixie huyo," mtu akasema. "Dixie wa shemasi."

Shemasi Orva Raber alikuwa ameshapiga magoti kando ya mama yake, hata hakugeuka kumtazama farasi wake. Aliyeuliza ni Crist Gingerich, mwenye nyumba iliyokuwa na zamu ya ibada siku hiyo, na aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza saa ngapi.

"Nani alimfunga?"

"Mimi," akasema Delbert.

Delbert ni kaka yake Verna. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kila Jumapili ya ibada yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa vijana wanaopokea magari ya farasi ya watu, kuwafungua farasi na kuwafunga kuzunguka mkokoteni wa majani makavu nyuma ya banda. Siku za kazi alichukua farasi waliochoka na mashindano ya mbio, farasi wasiojua lori wala mfuko wa nailoni unaopeperuka, akawafundisha kuvuta gari la familia. Nusu ya magari ya wilaya yetu ya kanisa yalivutwa na farasi waliopita mikononi mwake. Dixie pia. Na Dixie alikuwa na tabia moja ambayo kila mtu aliijua: akifungwa, hutafuta ncha ya kamba kwa meno na kuivuta. Sasa, fundo tunalofungia farasi ni la kufyatua. Ukivuta ncha mara moja, lote linafumuka, ili moto ukitokea umwokoe mnyama kwa sekunde. Kwa hiyo kwa farasi kama Dixie unaingiza ncha ndani ya kitanzi, akivuta asipate kitu. Delbert hakuwahi kusahau kuiingiza.

Na siku hiyo hakusahau. Verna alijua hivyo, maana ni yeye aliyeichomoa.

Alisimama pale dirishani na bakuli lake, maji ya siki yakimmwagikia kwenye aproni, mpaka mama yake akampokonya. "We Verna! Lete blanketi, unaganda nini?"

Akaleta blanketi.

Mambo yenyewe yalianza miaka miwili nyuma, kwenye mnada wa vitu vya marehemu fulani, mtu wa mjini. Mama alinunua boksi la chupa za kuhifadhia matunda, na chini ya chupa, ndani ya soksi, kulikuwa na kamera ndogo ya rangi ya fedha. Verna ndiye aliyezifungua chupa zile ili azioshe. Hakumwambia mtu. Alinunua betri dukani, akaificha kamera kwenye mkebe wa vifuniko vya chupa, mahali ambapo hakuna mwanamume angetia mkono, na Mama angetia mwezi wa nane tu, msimu wa kuhifadhi matunda.

Kanisa letu linakataza kamera na simu, na hubatiza waliokwisha kukua tu; Verna hakuwa amebatizwa bado, kwa hiyo hakuwa amevunja kiapo chochote. Vijana wa kiume walikuwa na simu mifukoni, na wazee walijifanya hawazioni. Lakini msichana na kamera ni habari nyingine. Na watu hawapigwi picha kwetu, hilo halina mjadala. Verna hakutaka mjadala. Aliwaacha watu, akapiga vitu.

Vitu gani? Mwanzoni hata yeye hakugundua. Alipiga mche wa nyanya ambao Mama aliufunga kwenye kijiti kwa kitambaa cha shuka kuukuu. Akapiga mkia wa ng'ombe uliofungwa kwenye mguu wake asimchape mkamuaji usoni. Midomo ya magunia. Mbuzi wa jirani aliyejizungusha kwenye mti mpaka kamba ikaisha, amesimama kwa aibu. Kanda za kofia ya sala ya mdogo wake zikiwa zimening'inia kwenye msumari. Siku moja akiwa amejifungia chooni anazitazama ndipo akaona kwamba kila picha ina kitu kilichofungwa. Na akaona jambo la pili, ambalo lilimfurahisha zaidi: hakuna mikono miwili inayofunga sawa. Baba anaacha ncha ndefu, kama mtu anayeogopa kuhitaji kamba baadaye. Mama anazungusha mara tatu hata pale moja inapotosha. Fundo la Delbert linalala bapa, limetulia, halina kelele. Ungeweza kulitambua hata ukilikuta Kanada.

Jumapili ile kabla ya ibada, wanawake walipokuwa bado wanasalimiana, Verna alizunguka nyuma ya banda. Jua lilikuwa linapita kati ya mbao na kuangukia fundo la Dixie moja kwa moja. Akapiga picha. Halafu akafikiri kwamba kitanzi kingeonekana vizuri zaidi kikisimama wazi, kama sikio. Akachomoa ncha. Akapiga ya pili. Alikuwa amenyoosha mkono kuirudisha ndipo watoto wa Crist wakaja wakifukuzana, na ndani wakaanza wimbo wa kwanza. Verna alikuwa katika darasa la ubatizo. Wimbo wa kwanza ukianza, wanafunzi hufuatana na wahubiri kwenda chumba cha juu, na anayechelewa anaonekana na kanisa zima. Akaitumbukiza kamera mfukoni chini ya aproni, akakimbia.

Kule juu akaulizwa habari za utii, akajibu vizuri.

Jumatatu yake, Verna alikuwa anaanika nguo. Shemasi Orva akafika, akasimama na Delbert kwenye mlango wa banda. Kati yao na Verna palikuwa na shuka moja tu.

"Nyonga imevunjika," akasema Orva. "Wamemfanyia upasuaji jana usiku."

"Nimesikia," akasema Delbert. "Nasikitika sana, Orva."

"Anasema nikuambie kahawa yenyewe ilikuwa mbaya, usihuzunike."

Delbert alitaka kucheka, ikashindikana. "Orva, mimi nilimfunga vizuri. Nakumbuka niliingiza ncha."

"Naamini kwamba unakumbuka hivyo."

Farasi mmoja ndani alipiga kwato sakafuni.

"Lakini farasi alifunguka," shemasi akaendelea, kwa upole kabisa. "Sikuja kubishana. Mama hana kinyongo na mimi sina. Tumekusamehe, Delbert. Yamekwisha."

Angebisha vipi hapo? Mtu akishakusamehe, ukiendelea kusema hukukosa unaonekana una kiburi, na kiburi kwetu ni kibaya kuliko fundo bovu. Delbert akasema, "Asante." Verna akabana kibanio kwenye suruali ya baba yake, kikakatika mkononi.

Jumanne akaja Ivan Mast kuchukua farasi wake mwekundu, ambaye mafunzo hayakufika hata nusu.

"Si kwamba hatukuamini, bwana," akasema Ivan, akikwaruza shingo. "Ni mke wangu. Unajua anavyoogopa. Hata kuku akimtazama vibaya anakimbia."

"Nakuelewa," akasema Delbert.

"Baadaye nitamrudisha."

"Haya."

Jumatano akaja mwingine, na huyo hakutaja mke. Kufikia Ijumaa vizimba vinne kati ya sita vilikuwa vitupu, na Verna alipopeleka kahawa bandani alimkuta kaka yake amesimama mbele ya nguzo, anafunga kamba, anafungua, anafunga. Alikuwa anatazama vidole vyake kama vya mtu asiyemjua.

"Njoo hapa," akamwambia. "Angalia hili. Limekaa?"

"Limekaa."

"Umelitazama kweli, au unajibu tu?"

"Limekaa, Delbert. Yako siku zote yanakaa."

"Siku zote!" Akacheka bila furaha. "Mwambie hayo Bibi Mattie." Akalifumua. "Unajua kinachonitesa? Nikifumba macho naona kabisa nikiiingiza ile ncha. Naiona. Sasa kama niliona kitu ambacho hakikuwepo, mara ngapi nyingine nimeona? Nimefunga farasi wangapi wa watu wenye watoto wadogo nikiwa naona ndoto?"

Verna alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale pale, yamefika kwenye meno. Kilichotoka ni, "Kahawa itapoa."

"Levi ananipa kazi kwenye kiwanda chake cha vibanda vya bustani," akasema Delbert. "Naanza Jumatatu ile ya baada ya ubatizo wenu. Mbao hazikimbii."

Ibada kwetu ni kila Jumapili ya pili, kwa hiyo tangu ajali Verna alikuwa na wiki mbili kasoro siku moja. Jumamosi ya mwisho wanafunzi wangekutana na wahubiri kwa mara ya mwisho, na Jumapili wangepiga magoti. Kila asubuhi alijiambia, leo. Akisema, atalazimika kutaja kamera, na kamera ikitajwa katika wiki ya ubatizo, ubatizo umekwenda. Asiposema, kaka yake atapigilia misumari maisha yake yote akiamini kwamba mikono yake ni ya uongo.

Jumatano ya wiki ya pili Verna na wasichana wengine walikuwa wanashona nguo za ubatizo kwa binamu yake Loretta, ambaye pia alikuwa anabatizwa. Loretta alikuwa na pini tatu mdomoni, na hilo halikumzuia kusema.

"Hebu simama wima, nipime. Mbona umekonda hivi? Mtu angesema unaolewa."

"Joto tu."

"Joto gani! Ni hofu. Mimi mwenyewe silali, nakumbuka dhambi za tangu shule. Lakini wewe una nini cha kuungama, Verna? Utamchosha askofu. Atasinzia."

Wasichana wakacheka. Verna naye akacheka, na pini ikamchoma kwenye kwapa, akaona amestahili.

Kesho yake, Alhamisi, alitoa mkebe, akatoa kamera, akaenda kwenye ghala la mahindi ambako Delbert alikuwa anatengeneza mlango. Hakuanza na maneno. Akaiwasha, akampa.

"Nini hii? Umeitoa wapi?"

"Tazama kwanza."

Delbert akaishika kwa ncha za vidole. Kwenye kioo kidogo kulikuwa na fundo, shavu la farasi lenye kipaku cheupe ambacho kila mtu anakijua, na ncha ya kamba imeingizwa kwenye kitanzi mpaka mwisho. Akakaa juu ya debe. Midomo yake ilikuwa inatikisika kama ya mtu anayehesabu.

"Jumapili ile?"

"Jumapili ile. Sasa bonyeza hapo."

Akabonyeza. Picha ya pili. Kitanzi kimesimama kama sikio, ncha inaning'inia. Verna akamweleza kuhusu jua, kuhusu watoto wa Crist, kuhusu wimbo. Alimaliza kwa maneno machache kuliko alivyodhani.

Delbert hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliinuka, akaweka kamera juu ya debe, akarudi nyuma hatua mbili kama vile ingeuma.

"Siku kumi na moja," akasema. "Umeniletea kahawa siku kumi na moja."

"Najua."

"Nilikuuliza. Nilikuuliza limekaa? Ukaniambia yako siku zote yanakaa. Ulisimama pale na kikombe."

"Najua, Delbert."

"Acha kusema unajua!"

Akageuza uso kwenye ukuta wa mahindi. Aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ndiyo iliyomtisha Verna zaidi.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Basi itupe kwenye shimo la choo. Mimi nimeshasamehewa. Kanisa limeshasahau, au litasahau. Wewe ukisema sasa, Jumapili hupigi magoti, na Mama atakufa kwa aibu. Mimi najua sasa kwamba sina wazimu. Hilo linanitosha."

"Na farasi?"

"Nimeshamwambia Levi nakuja."

"Watu hawatakurudishia farasi wao."

"Si watasahau baada ya mwaka mmoja, miwili? Nenda, Verna. Kabla sijabadili mawazo."

Akaondoka na kamera mfukoni. Ule ulikuwa mlango, umefunguliwa na mtu yule yule aliyedhulumiwa. Angepita tu. Ijumaa nzima aliosha madirisha, maana mwaka huu ibada ya ubatizo ilikuwa nyumbani kwao, na kila kioo alichokipangusa alimwona Delbert upande wa pili akipanga vifaa vyake vya farasi kwenye maboksi, hatamu kwa hatamu, akizifunga kwa kamba kwa lile fundo lake lililolala bapa. Na hakuliangalia mara mbili. Sasa alikuwa anaamini vidole vyake, na bado anavifungia boksi.

Jumamosi mchana, nyumbani kwa askofu Melvin, wanafunzi watano walikaa kwenye benchi moja, wasichana watatu na wavulana wawili. Mbele yao wahubiri wawili, askofu, na shemasi Orva aliyechelewa, kwa sababu tangu ile siku Dixie hakubali kufungwa popote, na ilibidi kwanza atafute mtu wa kumshikia.

Askofu Melvin alikuwa na sauti ya kikohozi. "Leo ni siku ya mwisho ya kuuliza," akasema. "Kama kuna mtu anataka kurudi nyuma, aseme. Hatutamcheka, wala hatutamfukuza nyumbani kwao. Kesho itakuwa si swali tena."

Akaanza na wavulana. Hapana, hawarudi nyuma. Loretta: hapana, akilia tayari. Kisha macho ya askofu yakahamia kwa Verna.

Verna aliingiza mkono chini ya aproni.

"Sitaki kurudi nyuma," akasema. "Lakini Delbert hakukosa. Dixie nilimfungua mimi." Na akaiweka kamera mezani, kati ya Biblia na bakuli la tufaha.

"Verna!" Loretta akasema.

Hakuna aliyeigusa. Mhubiri mmoja alisogeza kiti chake nyuma kidogo. Verna alisimulia akitazama bakuli. Alipomaliza, askofu alikuwa amefumba macho.

Orva akavaa miwani. "Iwashe," akasema.

"Orva," askofu akasema.

"Nilikwenda kwa kijana wa watu nikamsamehe, Melvin. Nataka kuona."

Verna akaiwasha, akamshikia, maana hakujua kama ni halali kumpa. Shemasi akainama. Aliangalia ya kwanza, akaangalia ya pili, akarudi ya kwanza.

"Ncha iko ndani."

"Ndiyo."

"Aliniambia iko ndani. Nikamjibu kama mtu anayeongea na mtoto." Akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Nimemsamehe mtu ambaye hakunikosea. Sasa mimi ndiye mwenye deni kwake, na kesho tunabatiza nyumbani kwa baba yake." Akachukua kofia.

Askofu akamgeukia Verna. Hakuwa na ukali, na hakuwa na haraka.

"Kesho watapiga magoti wanne," akasema. "Wewe utakaa na wasichana wengine. Habari yako tutaipeleka kanisani."

"Mpaka lini?"

"Sijui, Verna. Nikikuambia najua nitakuwa naongopa. Kitu hiki utakiacha hapa."

Loretta alimshika mkono pale kwenye benchi, akamwachia, akamshika tena.

Verna alirudi nyumbani kwa miguu, akikata katikati ya mahindi ya Crist. Barabara inazunguka, kwa hiyo alipotokea kwenye uzio wao gari la shemasi ndiyo kwanza linaingia. Orva alishuka. Hakumfunga Dixie. Alisimama amemshika kwenye hatamu, karibu na mdomo, na mnyama alikuwa anatazama nguzo ya banda kwa jicho jeupe.

Delbert akatoka, mikono ina mafuta ya ngozi. Aliona gari, akaona ni nani, kisha akamwona dada yake kwenye mahindi, na akaelewa. Uso wake ukafungika.

"Nimeona picha," akasema Orva.

"Nilimwambia asiseme."

"Amesema. Ubatizo wake umesimama." Orva akavua kofia. "Nilikukosea, Delbert. Uliniambia ukweli, nikakusamehe badala ya kukuamini. Naomba unisamehe wewe."

Delbert alijipangusa mikono kwenye suruali, polepole, kidole kimoja kimoja. Ndani ya nyumba Mama alikuwa anavuta mabenchi ya kesho, na bado hakujua chochote.

"Nasikia Jumatatu unaanza kwa Levi," akasema Orva. "Huyu hasimami tena kwenye kamba. Mwanangu hawezi kunifuata kila mahali kumshika. Nilitaka kuuliza kama... lakini kama umeshaahidi kiwandani, basi."

Dixie akarusha kichwa. Bila kufikiri Delbert akanyoosha mkono, akamgusa kwenye paji, na farasi akashusha pumzi.

"Mlete Jumatatu," akasema. "Asubuhi. Levi nitamwambia mwenyewe. Leo sitamshika, leo nina hasira."

"Na mimi, au na dada yako?"

Delbert akatazama mahindi, mahali aliposimama Verna, na Verna hakujificha.

"Bado sijaigawa," akasema, akarudi bandani kufungua maboksi.